Swali la Lami

Mjomba wangu ameendesha lori miaka 26 kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mgongo wake unajua kila shimo la barabara ile, na kwa ajili ya mgongo huo alizoea kumeza diklofenaki, asubuhi kidonge na jioni kidonge, akinunua duka la dawa lolote lililo karibu na maegesho. Tumbo lilipoanza kumwaka moto hakulihusisha na vidonge. Angelihusishaje? Vidonge vilikuwa vya mgongo.

Aliyempakulia programu ya afya kwenye simu ni mimi. Alikuja nyumbani Jumapili moja, akakataa wali, akaomba maziwa tu, na muda wote mkono wake ulikuwa umebana chembe ya moyo. "Mjomba," nikamwambia, "siku hizi hata simu inakueleza tumbo lina nini." Nilikiamini nilichokisema. Nikatafuta, nikapata moja yenye nyota 4.6, rangi ya kijani ya kupendeza, na picha ya daktari aliyevaa koti jeupe. Ilipoomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo kwenye simu, nikabonyeza kukubali. Ilipotaka kujua mahali alipo, nikakubali pia. Masharti yalikuwa marefu, kwa Kiingereza, nami sikuyasoma hata mstari mmoja. Kila nikikumbuka kidole changu kikibonyeza pale, roho inaniuma.

Kisha ikauliza: je, unaona damu kwenye choo? Mjomba akatikisa kichwa. Damu anaijua, ni nyekundu, naye hakuwa ameiona. Nikajaza hapana. Jibu likaja papo hapo: ni vidonda vya tumbo vya kawaida, epuka pilipili, maharage na mawazo, kunywa omeprazo. Dawa gani nyingine anatumia, haikuuliza. Wala haikuuliza kama amekonda, kama chakula kinakwama anapomeza, kama amewahi kutapika kitu chenye rangi ya machicha ya kahawa. Na maswali hayo si ya ziada. Kwetu Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, chakula kukwama kooni ni dalili ya kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa.

Omeprazo ikamtuliza. Kwa wiki mbili alikula ugali na kucheka, na mimi nikajiona nimemsaidia. Sasa najua kwamba nafuu ya namna hiyo ni mtego. Dawa inayopunguza asidi inaweza kuyanyamazisha maumivu huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini, uwe kidonda au saratani. Sizishangai tena zile nyota. Mtu huzitoa siku tumbo limetulia, harudi kuziondoa siku amelazwa.

Katikati ya nafuu hiyo, tajiri yake akampigia simu. Alikuwa amepokea ujumbe wenye jina la mjomba, ukisema rafiki yako anatumia programu yetu kwa vidonda vya tumbo, jiunge nawe. Ulikuwa umemfikia tajiri, shemeji zake, imamu wa msikiti wao, na madereva wenzake. "Nasikia unaumwa," tajiri akamwambia, "nikupumzishe?" Dereva aliyepumzishwa hana posho ya safari. Mjomba akakana. Akasema ni mambo ya simu tu, yeye mzima kabisa. Na kwa kuwa alishakana, ilimbidi aendelee kuwa mzima. Maumivu yaliporudi hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliongeza vidonge vya mgongo, vikazidi kulichimba tumbo.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wakisema, taarifa zikivuja kuna nini, mimi sina cha kuficha. Mjomba naye hakuwa na cha kuficha mpaka zilipovuja.

Utingo alimkuta Ruaha Mbuyuni, lori limesimama, ameegemea usukani, jasho jembamba, viganja vyeupe kama karatasi. Hadi leo nikipita pale huwa nawaza ingekuwaje kama angekuwa katikati ya milima ya Kitonga. Hospitalini akapokewa na daktari msichana ambaye angeweza kuwa binti yake. Alimwamkia shikamoo, akavuta kiti, akamuuliza mambo mawili. La kwanza: "Baba, unameza dawa gani, hata zile za dukani?" La pili: "Na choo chako, kimekuwa cheusi, kinanata kama lami?"

Mjomba akamtazama. "Kama lami hasa, mwanangu. Miezi miwili sasa."

Damu ilikuwa 6. Aliongezewa chupa tatu, na waliochangia ni madereva walewale waliopokea ujumbe. Kamera iliposhushwa tumboni ilikuta kidonda kirefu kilichokuwa kikivuja. Daktari alitueleza kwamba damu ikivuja tumboni huchakachuliwa na asidi na safari ya matumbo, ikageuka nyeusi kabla ya kutoka. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kumaliza damu yake chooni na bado akaapa kwamba hajaiona. Aliyeandika lile swali la damu hakusema uongo. Ila aliliandika bila kumfikiria mzee wa barabarani, ambaye neno la ugonjwa wake alilokuwa nalo ni lami.

Walichukua kinyama kidogo cha tumbo wakakipima, wakamkuta na kimelea kinachoitwa Helicobacter pylori. Ndicho, pamoja na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, kinachosababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo duniani. Barry Marshall na Robin Warren walikitambua huko Perth, Australia, mwaka 1982. Marshall hata alikinywa mwenyewe mwaka 1984 ili wasiomwamini waone kinavyofanya, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Programu ya mjomba, yenye rangi zake nzuri, bado ilikuwa inalaumu pilipili.

Nimejaribu kuelewa ni vipi kitu kimoja kinaweza kuuliza namba ya imamu kisha kisiulize dawa unazomeza. Jibu ninaloliona ni kwamba namba ya imamu ina soko. Si kwetu tu. Marekani, Februari 2023, tume inayosimamia biashara iliidai faini ya dola milioni 1.5 kampuni ya GoodRx, iliyokuwa imewaahidi watumiaji siri halafu ikapeleka habari za dawa na maradhi yao kwa Facebook na Google. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, zisizoguswa bila ridhaa ya mwenyewe. Lakini ridhaa ya mjomba niliitoa mimi, kwa kidole, sebuleni, huku nikisubiri chai.

Aliporuhusiwa tulikaa pamoja kuifuta. Nilitafuta jina la daktari hata mmoja aliyeiandaa, sikuona. Nilitafuta tarehe ya mwisho maelezo yake kupitiwa, haikuwepo. Yote haya yangenichukua dakika tano Jumapili ile. Kuitoa kwenye simu ilikuwa rahisi, lakini kufuta yale waliyokwisha kuyachukua kulihitaji kuwaandikia barua pepe. Niliandika mara tatu. Hawajajibu. Sasa naandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mjomba amemaliza siku 14 za antibayotiki, mgongo anaukanda kwa mafuta na mazoezi, na amerudi barabarani. Wiki iliyopita alipita nyumbani, akala wali mpaka akaongezewa. Simu yake ikalia mezani. Ujumbe, namba ngeni: Mzee wetu, tumbo linaendeleaje? Tuna dozi mpya ya mitishamba, tunakuletea hadi ulipo.

Akaisogeza simu mbele yangu. "Mjomba, huyu ni nani?"