Ulaini wa Hariri na Swali la Starehe

Ulaini wa hariri unaanzia kinywani mwa kiwavi wa nondo alaye majani ya mforsadi, ambaye hutoa nyuzi mbili za protini iitwayo fibroini, zilizoshikanishwa na serisini, yaani utomvu unaoganda kama gundi, kisha akajizungushia mpaka akajifungia ndani ya kifukofuko. Uzi huo unaweza kufikia mita 900 bila kukatika, ilhali nyuzi za pamba ni fupi, za sentimita chache tu, na ncha zake hujitokeza kitambaani, nayo sufu ina nyuzi nene ambazo ncha zake huichoma ngozi. Hata hivyo, hariri isiyochemshwa kwa maji ya sabuni ili serisini itoke huwa ngumu mkononi, kwa hiyo ulaini wake hukamilishwa na kazi ya mwanadamu.

Ikiwa ulaini huo ni neema, kwa nini sheria ya Kiislamu imewaharamishia wanaume hariri halisi, huku Kurani, katika aya ya 12 ya sura Al-Insan, ikiitaja miongoni mwa malipo ya waliosubiri? Wanazuoni wametaja israfu, kiburi na kujifananisha na wanawake, ambao wao wamehalalishiwa. Lakini hoja kwamba ulaini wenyewe ni uovu haisimami, kwa kuwa kiovu hakiahidiwi kuwa thawabu. Tena imepokewa na wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu maswahaba wake Abdurrahman bin Auf na Zubair bin Awwam kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho uliowasumbua, na ruhusa hiyo inaonyesha wazi kwamba sheria inaijua ngozi na inaihurumia.

Lenye uzito zaidi ni tukio la vazi la hariri aliloletewa Mtume kuwa zawadi, ambalo maswahaba walikuwa wakiligusa na kulistaajabia, naye akawaambia kwamba leso za swahaba Saad bin Muadh huko Peponi ni bora kuliko hilo. Hakuwakemea kwa kuligusa, wala hakukana walichokihisi vidoleni. Aliwapa kipimo cha kukipimia. Saad alikuwa amefariki mwaka 627 kwa jeraha alilolipata katika vita vya Khandaq, na leso iliyotajwa ni kitambaa cha kufutia mikono, kilicho duni kuliko vazi lolote.