Shujaa Anayesikia "Hapana"

Somo: 1 Samweli 25



Jumapili moja baada ya darasa la vijana, msichana mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakatoka. Akatoa kitabu mkobani, vile vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara mjini, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Auntie, ni dhambi kumpenda mwanamume kama huyu? Wa kitabu, lakini."

Ilikuwa hadithi ya mapenzi. Shujaa wake ni tajiri, haongei sana, akiingia mahali watu wananyamaza, na haombi mtu ruhusa. Nikamjibu haraka vile sisi watu wazima hujibu: "Wachana na hicho kitabu, soma Neno." Akakirudisha mkobani, akasema asante, akaenda.

Nilifika nyumbani roho ikinisuta. Neno ni jibu, naam, lakini mimi mwenyewe nilivisoma vitabu hivyo miaka mingi, nikivificha chini ya godoro, na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini nami kuniuliza vilinishika kwa nini. Kwa hivyo haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Kwa nini anatuvutia?

Tuseme ukweli. Msomaji wa hadithi hizi mara nyingi ni mtu aliyechoka. Siku nzima amesukumwa kwenye matatu, makanga amekula chenji yake, mwenye ploti amepiga simu juu ya kodi, na ofisini ameambiwa arudi kesho. Jioni anafungua kitabu na kumkuta mtu ambaye haambiwi arudi kesho. Kwa saa moja ule mzigo unabebwa na mabega ya mwingine.

Na msidhani ni wanawake peke yao. Vijana wetu wa kiume wana mashujaa wao wa sinema na vibonzo. Superman alitokea Marekani mwaka 1938, nchi ikiwa bado kwenye dhiki kubwa ya uchumi, na katika toleo lile la kwanza kabisa anamzuia mwanamume anayempiga mkewe. Umeona? Watu hawakumpenda kwa sababu tu anainua magari. Walimpenda kwa sababu nguvu zake zilisimama upande wa anayeonewa.

Hapo ndipo siri inapoanza. Nguvu peke yake hatuzipendi. Hata jambazi ana nguvu. Tunapenda nguvu ambazo tumehakikishiwa hazitatugeukia. Kwenye kitabu, hakikisho hilo linatoka kwa mwandishi. Yeye anatufungulia moyo wa yule mtu mkali, tunaona kwamba ndani ana upendo. Na msomaji naye ana uwezo wake: akiogopa, anafunga kitabu na kwenda kupika. Huyo shujaa anayetawala kila mtu, kumbe anatawaliwa na kidole cha anayefungua kurasa.

Mabinti wawili wa makasisi

Kuna waandishi wawili wa Uingereza ambao mashujaa wao wanaigwa mpaka leo. Wote wawili walikuwa mabinti wa makasisi, na nadhani walikuwa wanasikiliza mahubiri vizuri.

Jane Austen alichapisha Pride and Prejudice mwaka 1813. Darcy, shujaa wake, ana mali na kiburi, na anapoomba uchumba mara ya kwanza anaongea kama mtu anayetoa msaada. Elizabeth anamkatalia waziwazi na kumwambia makosa yake. Darcy anaumia, lakini anayachukua yale maneno, anayafikiria, anabadilika. Anaporudi kuomba tena, anamwambia kwamba akikataa safari hii, neno moja tu litatosha, naye hatalitaja jambo hilo tena.

Charlotte Brontë alimwandika Rochester katika Jane Eyre, mwaka 1847. Huyu ni mkali zaidi. Anamficha Jane, mwalimu wa nyumbani asiye na wazazi, kwamba ana mke aliye hai, na siri inafichuka wakiwa tayari kanisani kufunga ndoa. Jane anampenda kweli, lakini anaondoka alfajiri, karibu mikono mitupu. Anamrudia baadaye, akiwa na pesa zake mwenyewe za urithi, wakati Rochester amepofushwa na moto na kupoteza mkono mmoja. Mwandishi hakumpa Jane mume mpaka yule mtu mkubwa aliponyenyekezwa.

Kwa hivyo kinachotuvutia kwa mashujaa hawa si kutawala kwao. Ni ile saa mtu ambaye angeweza kulazimisha anaposimama, anasikia, anaacha.

Nabali na Daudi

Sasa fungua 1 Samweli 25. Hii si hadithi ya kutungwa, lakini inatupa kipimo. Kuna wanaume wawili wenye nguvu katika sura moja. Nabali ana kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Mtumishi wake mmoja anamjua vizuri: anasema ni mtu ambaye huwezi hata kuongea naye. Wa pili ni Daudi, ametukanwa, amefunga upanga, anashuka na watu mia nne, ameapa hakutabaki mwanamume hata mmoja kwa Nabali kufikia asubuhi.

Abigaili, mke wa Nabali, anapanda punda na kwenda kumkuta njiani. Hana jeshi. Ana mikate, divai, nyama, zabibu, tini, na maneno. Anaongea, na Daudi anasimama. Anamshukuru Mungu kwamba mwanamke huyu amemzuia asimwage damu, kisha anageuka na watu wake wote.

Wote wawili walikuwa wakali. Tofauti yao ni sikio.

Tena tusimfanye Daudi malaika. Katika 2 Samweli 11, alipomtamani Bath-sheba, aliambiwa wazi kwamba ni mke wa Uria. Safari hiyo hakusikia, na Uria alikufa. Mtu ni yuleyule, upanga ni uleule. Siku ile sikio lilifungwa.

Swali la mama yangu

Wacha niwape ushuhuda. Kabla ya mzee wangu, niliposwa na mtu mwingine. Alikuwa ananingoja getini kazini kila jioni. Alinichagulia nguo, akaniambia niache kwaya, akaamua ni marafiki gani wanifae. Wasichana wenzangu walinionea wivu, na mimi nilijiona nimeingia ndani ya kitabu. Nikawa najiambia, ndani ana upendo, ngoja tu. Nilikuwa nangoja ukurasa ambao hakuna mwandishi aliyeuandika.

Mama yangu hakusoma vitabu. Tukichambua mboga, akaniuliza swali moja: "Ukimwambia hapana, huwa anafanya nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumwambia hapana. Jumamosi iliyofuata nikajaribu kwa kitu kidogo. Nikamwambia sitakuja kwao, naenda kumwona shangazi. Hakubisha. Alinifuata kwa shangazi, akanishika mkono mbele ya wageni na kunitoa nje, kama mtu ambaye hakuambiwa kitu. Mkono ulikaa na alama siku tatu. Posa ilirudishwa mwezi huo, na nililia, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Kwa hivyo, binti yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu. Si dhambi moyo wako kutamani mtu imara. Ulipoanza kumpenda yule wa kitabu, ulikuwa unatafuta nguvu zinazoweza kuzuiwa na neno lako. Tamaa hiyo ni nzuri. Lakini kitabu kinakupa hakikisho mapema, na maisha hayatoi. Usihesabu ukali wa mtu kuwa dalili ya upendo uliofichwa. Mwambie hapana kwa jambo dogo, mapema, kabla ya mahari, uone.

Na sisi tulio na nguvu kidogo mahali fulani, mzee wa kanisa, baba mwenye nyumba, hata mimi mwalimu wa darasa niliyemfukuza msichana na swali lake, tujiulize: mara ya mwisho mtu wa chini yangu aliponiambia hapana, nilifanya nini? Na kama hakuna aliyewahi kuniambia, je, ni kwa sababu sikosei, au wameshasema kwamba mimi huwezi hata kuongea naye?

Tuombe: Bwana, tupe nguvu, na utupe sikio. Amina.