Kabati Kwanza, Mtaro Baadaye

Hadithi hii ni ya kutunga, kwa hiyo asitokee mtu wa kuzunguka mtaa wa Majengo, Nyeri, akiulizia nyumba ya mama ninayemsimulia. Ila mwaka wake, 2018, ni wa kweli, na yaliyozipata mbao na mvua mwaka huo Wakenya wanayakumbuka.

Mama alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani. Jiko lenyewe lilikuwa banda la mbao na mabati, jeusi kwa masizi. Januari zamu yake ya chama ikafika, akachanganya na kodi aliyokuwa amejiwekea, akapata shilingi 160,000. Ramadhani ilikuwa inaingia katikati ya Mei, naye akaazimia futari ya kwanza ipikwe kwenye jiko jipya.

Tusimsingizie kwamba hakupanga. Alikaa na daftari la mjukuu wake akaandika: kabati 55,000, meza ya terazo 25,000, vigae 18,000, sinki na mifereji 12,000, rangi 8,000, fundi 30,000. Jumla 148,000. Zile 12,000 zilizobaki akaziandikia mapazia na sufuria. Isome tena orodha hiyo. Kila kilichomo ni kitu ambacho mgeni atakiona akiingia mlangoni. Bomba la maji machafu halimo. Nguzo hazimo. Gari la kubeba kifusi halimo, wala senti ya dharura.

Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Mama, hii ni kazi ndogo, wiki mbili tu." Alipogonga ukuta wa nyuma, nguzo ikamegeka kama mkate mkavu, mchwa walikuwa wamekula humo miaka na miaka. Nguzo mbili, boriti moja na mabati sita zikaingia katika hesabu ambayo haikuwa na nafasi yao. Pesa za mapazia ziliondoka siku hiyo, za rangi zikafuata.

Vigae navyo vilikuwa na kisa chao. Sakafu ilikuwa mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba, na kigae cha sentimita 40 kila upande kinahitaji vipande 75. Mwenye duka akamwambia aongeze asilimia kumi kwa ajili ya vinavyokatwa pembeni na vinavyovunjika. Mama akaona ni ujanja wa kuuza, akachukua 75 kamili. Vilipopungua sita akarudi dukani, akapewa vya jina lile lile lakini vya toleo jingine la kiwandani. Rangi haikulingana. Pembe ya mlangoni imebaki na kiraka hadi leo.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Seremala alishalipwa nusu mapema, kwa mdomo, bila karatasi, ili kabati ziwahi Ramadhani. Mwishoni mwa Februari serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, na tangazo la Rais la kuiondoa marufuku hiyo halikuja hadi Julai 2023. Katika miji ya kandokando ya Mlima Kenya wapasuaji mbao wakakosa magogo, na bei ya sipresi kwa futi ikapaa. Seremala akarudi: "Mama, kwa pesa zile mbao hazitoshi. Nikufanyie ya chipubodi, bei ibaki pale pale." Akakubali. Wengi wetu tungekubali.

Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi. Mahali pakavu haina neno. Ukingo wake ukinywa maji huvimba, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa. Na sinki, ambalo liliwekwa mapema kwa sababu linaonekana, lilikuwa linamwaga maji kwenye bomba lililopitishwa chini ya sakafu bila mteremko wa maana, likaishia kwenye ua ulio juu kuliko jiko. Kiangazi hakuna aliyegundua.

Masika ya mwaka huo ndiyo yaliyolipasua bwawa la Solai kule Nakuru tarehe 9 Mei. Majengo hakukuwa na msiba kama ule. Kilichotokea ni kwamba maji ya uani yalirudi kwa njia ya bomba, yakalala jikoni usiku kucha. Kabati za chini zikavimba, milango ikagoma kufunga. Mama akakopa 20,000 kwa simu, M-Shwari, ada asilimia 7.5, yaani 1,500. Siku 30 zikaisha hajalipa, ada ikatozwa tena. Futari ya kwanza ilipikwa ukumbini, kwa jiko la makaa.

Alianza upya Januari 2019, udongo ukiwa mkavu. Safari hii alimtaka fundi aandike kotesheni, vifaa kando na ufundi kando, kila kimoja na bei yake, na malipo yafuate hatua iliyomalizika. Sehemu ya tano ya pesa aliiweka ya dharura, hakuitaja kwa mtu. Kazi ya kwanza ikawa kuchimba: bomba la inchi nne linaloshuka sentimita mbili na nusu kila mita, gali trapu ya kunasa harufu ya maji machafu, mtaro wa uani. Vyote pamoja vilimgharimu 14,500, karibu robo ya alichokuwa amekitengea kabati. Ukuta ukapigwa plasta, akauacha ukauke vizuri kabla ya rangi, maana plasta haikauki upesi kwa baridi ya Nyeri.

Kabati zilikuja mwisho, moja moja kadiri kodi ilivyoingia, za sipresi. Ya chini ya sinki hakuitengeneza kabisa. Pale amening'iniza kitambaa tu. Bomba likianza kuvuja anataka alione siku hiyo hiyo.