Goti la anayeuguza
Msikilizaji, mkimbiaji wa milimani aliyeumia goti huku mwenzi wake yu mahututi husifiwa akijikaza. Tunamtaja John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Tanzania aliyeanguka kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akamaliza marathoni akichechemea, goti limefungwa bandeji. Tunasahau kwamba mwaka 1970, kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Goti lililopona ndilo lililokimbia; basi anayeuguza naye alipumzishe lake. Utasema: dawa za mgonjwa ziko Same mjini, nasi tuko juu Chome, milimani Upare; nani ataziendea? Swali halali, maana kushuka mlima hulielemea goti kuliko kupanda. Lakini Upare unaochimba mifereji kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, haushindwi kumtuma kijana mmoja duka la dawa. Jirani, pole haitoshi. Uliza zamu yako ya kusaidia ni lini.