Kanuni Humbana Nani Kwanza?

Likizo iliyopita mjukuu wetu wa kike alituonyesha mchezo wa kompyuta uitwao The Sims. Aliyeubuni ni Mmarekani, Will Wright, nao ulitoka mwaka 2000. Toleo la nne, analocheza yeye, lilitoka mwaka 2014, na mwaka 2021 likaongezewa kijiji cha wakulima, Henford-on-Bagley, chenye sura ya vijiji vya Uingereza. Mchezaji huongoza maisha ya watu wa kubuni: hula, hulala, huoana, huzeeka na kufa. Hukama ng'ombe, hufuga kuku, na kila juma huweza kupeleka mazao yao mashindanoni.

Mchezo haumlazimishi mtu kuishi kikale. Kwa hiyo mjukuu wetu alitwaa daftari akajiandikia kanuni. Umeme usitumike. Kisichotoka shambani kisiliwe. Neno la siri "motherlode", ambalo likiandikwa humpa mchezaji fedha 50,000 za mle mchezoni, lisiandikwe kamwe. Na ya nne: shamba lirithiwe na mwana wa kiume wa kwanza.

Tulimwuliza, "Ukivunja moja, nani atakuadhibu?"

"Hakuna, Babu. Lakini nikiandika neno lile hata mara moja, boga langu halitakuwa na maana tena."

Jibu hilo lilitupendeza. Miaka yote tuliyofundisha tulidhani kanuni hushikwa kwa sababu ya kengele na kiboko. Kumbe mtoto aweza kujifunga mwenyewe, pasipo msimamizi, akijua kuwa mavuno yasiyotolewa jasho hayana ladha.

Lakini kanuni ya nne ilitukwaza. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Si ndivyo ilivyokuwa zamani, Babu? Nikiiondoa nitakuwa nimeidanganya historia."

Alisema kweli. Huko Uingereza, ardhi ya mtu asiyeacha wosia ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza, mpaka sheria ya mwaka 1925 ilipokomesha jambo hilo. Hata hivyo, yafaa tupambanue. Kanuni tatu za kwanza humbana yeye aliyezitunga: ndiye anayekosa wepesi, ndiye anayengoja mavuno. Ya nne haimgharimu kitu. Humbana binti wa mchezoni, ambaye hakuulizwa. Binti huyo ni picha tu, haoni uchungu. Lakini mkono unaoandika ni wa mtu, na mkono huzoea. Tena, kusema "ndivyo ilivyokuwa" ni kuonyesha kwamba jambo lilikuwapo. Hakuonyeshi kwamba lilikuwa haki.

Tulikuwa karibu kumweleza hayo kwa sauti ya mwalimu, ulimi ukawa mzito. Baba yetu alipofariki, wazee walitukabidhi sisi shamba lote la migomba na kahawa. Dada yetu, mkubwa kwetu, ndiye aliyelipalilia miaka yote tuliyokuwa chuoni tukisomea ualimu. Nauli yetu na sanduku letu vilitoka katika kahawa aliyoichuma yeye. Hakupewa hata mgomba mmoja. Nasi tulisema: ndiyo desturi. Desturi hiyo haikutugharimu chochote, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuiheshimu.

Hatusemi kwamba mambo ya kale yatupwe. Twasema kwamba kabla ya kuilinda kanuni, ya nyumbani, ya shuleni au ya ukoo, tuulize kwanza: ni nani anayelipa gharama yake? Ikiwa mlipaji ni mwingine siku zote, na mtunzi hatoi hata senti, hiyo si adili. Ni faida iliyovikwa kanzu.

Mjukuu wetu hakuifuta kanuni yake ya nne. Aliandika chini yake: "Mrithi aweza kumgawia dada yake, akipenda." Kisha akatuuliza, "Babu, unadhani atapenda?"

Siku ile hatukumjibu. Dada yetu angali hai, na magoti yake sasa yanamsumbua. Mvua za vuli zikianza, tunakusudia kumwita shambani, pamoja na wazee wa ukoo, ili tupande mpaka wa sehemu yake machoni pa wote. Tumeyaandika haya hapa, wapenzi, ili tukisitasita, ninyi mtuulize.