Ni Nani Mwenye Kitu Kilichokufa?

Wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Mtupa jongoo hutupa na mti wake." Kwa miaka mingi tumeifundisha madarasani bila kuitilia shaka. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba mtu akiamua kuachana na jambo baya, hana budi kuachana nalo pamoja na yote yanayoambatana nalo. Jibu hilo ni sahihi, na alama zake hupewa. Lakini hatujapata kumsikia mwanafunzi akiuliza swali jepesi: jongoo huyo ametupwa wapi, na huko alikotupwa anakaa nani? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Hatukulipata kitabuni, tulilipata kando ya mto Ntahangwa, hapa Bujumbura.

Ilitokea hivi. Miaka kadhaa iliyopita shule yetu ilipokea kompyuta kumi na tano kutoka ng'ambo. Zilikuwa zimekwisha kutumika katika maofisi ya watu, nyingi zikiwa za chogo, nazo zilipokewa kwa hotuba, nyimbo na picha. Katika hizo kumi na tano, nne tu ndizo zilizowaka, na moja kati ya hizo nne ilizimika kabla ya muhula kwisha. Zilizokufa zilikaa stoo zikikusanya vumbi, hata siku moja kikao cha walimu, nasi tukiwamo, kikakubaliana kwamba chumba kile kinahitajika kwa madawati. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Tukapima, tukalipwa, tukafagia chumba. Hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi.

Majuma machache baadaye tulikuwa tukipita karibu na korongo la Ntahangwa, tukaona moshi mweusi wenye kukereketa koo. Vijana watatu walikuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba. Kando yao yalilala maganda ya kompyuta, na juu ya ganda moja tuliisoma namba ya shule yetu, ambayo tuliiandika kwa rangi nyeupe kwa mikono yetu wenyewe. Mmoja wa vijana wale alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani. Tulipomwonya juu ya moshi ule alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, hizi si zenu tena."

Hatukuwa na jibu. Kisheria kijana alisema kweli: tuliuza, tukalipwa, umiliki ukahama. Lakini je, wajibu nao ulihama pamoja na umiliki?

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina ngazi nzuri za kueleza uzee wa vitu. Kitu kipya kikitumika sana huwa kikuukuu, nacho bado kina heshima: hutumika, hurithiwa, hutiwa kiraka. Kikishindwa kufanya kazi huitwa kibovu, na neno hilo halikati tamaa, maana kibovu hutengenezwa. Kikikatiwa tamaa huwa chakavu, lakini hata chakavu kina bei. Mwisho kabisa ndipo huja neno taka. Twaona, basi, kwamba taka ni hukumu inayotolewa na mtu. Hakuna kitu kinachozaliwa nayo. Na hapa lugha yetu yatutania, kwa kuwa taka na kutaka hutamkwa kwa sauti zilezile. Leo twakitaka, kesho ni taka. Na mara nyingi kilichobadilika ni moyo wa mwenye kukitaka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa huduma ya kawaida programu yake ya Windows 10, na kompyuta nyingi mno duniani zikaingia katika hukumu hiyo zingali nzima, kwa kuwa tu hazikidhi masharti ya programu iliyofuata.

Hilo ndilo kosa letu la kwanza: tulihukumu kwa haraka. Hatukumwita hata fundi mmoja. Katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza wamo mafundi ambao huchukua viungo vya mashine tatu zilizokufa wakafufua moja, na wengi wao hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili hikihiki tunachokifundisha. Sisi tulikuwa na maiti kumi na mbili, wala hatukuwauliza.

Kosa la pili lilikuwa ujinga wa kilichomo. Kompyuta si kipande cha chuma. Kioo cha mashine ya chogo kina madini ya risasi, mara nyingi kilo moja au zaidi. Taa zilizo nyuma ya vioo bapa vya miaka ya kwanza zina zebaki. Betri nyingine zina kadimiamu, na bodi za zamani zimelehemiwa kwa risasi. Plastiki inayofunika nyaya, ichomwapo katika moto wa wazi, hutoa dioksini, sumu ambayo hukaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2021 lilitoa taarifa maalumu juu ya watoto na majalala ya vifaa vya elektroniki, linafundisha kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba madhara yake makubwa ni katika ubongo wa mtoto. Walimu wenzetu na watafakari: asubuhi twamfundisha mtoto, na jioni twamwachia kinachomnyang'anya akili ileile.

Hata hivyo, ndani ya mashine hizo mna mali. Tani moja ya simu za mkononi zilizokufa yaweza kuwa na gramu 300 hivi za dhahabu, hali tani ya mawe ya mgodini aghalabu haifiki gramu 10. Mali na sumu zimelala kitanda kimoja, na mtu asiye na zana hawezi kuiamsha moja bila kuiamsha ya pili. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii, na zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu.

Ni nani, basi, mwenye kitu hiki kilichokufa? Wako wasemao kwamba ni yule aliyekitengeneza, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kilichomo na ndiye aliyepata faida ya kwanza. Hoja hii ina uzito. Jirani zetu wa Kenya waliiingiza katika sheria yao ya taka ya mwaka 2022, wakamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Lakini kiwanda ki mbali, na moshi u karibu. Mwenye kumngojea mwenye kiwanda afike Ntahangwa atangojea sana.

Wengine husema ni yule aliyetoa. Mataifa yamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliweka masharti juu ya kusafirisha taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ukapiga marufuku kuziingiza barani Afrika. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Basel, taka zote za elektroniki, ziwe za hatari zisiwe za hatari, hazipaswi kuvuka mpaka bila idhini ya nchi izipokeayo. Lakini kitu kikibandikwa jina la msaada hupita mlangoni kikipigiwa makofi. Sisi tumelelewa kuona kwamba kuikataa zawadi ni utovu wa adabu. Hatuna haja ya kuiacha adabu hiyo. Yatosha kuuliza kama kilichotolewa ni zawadi kweli. Atoaye kitu kizima amekupa kitu. Atoaye kitu kilichokufa amekupa gharama ya mazishi. Hatusemi kwamba waliotupa kompyuta zile walikuwa na nia mbaya, kwani zile zilizowaka zilifundisha watoto wengi. Twasema tu kwamba nia njema haizimi moshi.

Wako pia wamlaumuo yule anayechoma. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo isemwayo kwa sauti kubwa. Kijana yule hakuileta kompyuta nchini, hakuitumia, wala hakuambiwa kilichomo. Alichokiona ni shaba, na shaba ni chakula cha jioni. Kumfukuza bila kumpa njia nyingine ni kuuhamisha moshi tu. Kule Accra, uwanja wa Agbogbloshie uliojulikana duniani kwa kazi hiyo ulibomolewa Julai 2021. Kazi haikufa, ilitawanyika.

Maoni yetu ni haya. Umiliki huhama wote kwa mara moja, lakini wajibu hugawanyika. Kila aliyekishika kitu hubaki na fungu lake, na fungu hilo hukua kadiri ya alichokijua au alichopaswa kukijua, na kadiri ya uwezo wake wa kuzuia madhara. Mtu akimkabidhi mtoto kisu, kisha mtoto akajikata, hawezi kujitetea kwamba kisu kile hakikuwa chake tena. Pengine msomaji atauliza: je, wajibu huu hauna mwisho? Unao. Huisha pale kitu kinapokabidhiwa kwa mtu mwenye ujuzi na zana za kukipokea. Kabla ya hapo, kuuza ni kukwepa.

Kwa kipimo hicho, sisi walimu tulikuwa na fungu kubwa kuliko la kijana yule. Tulikuwa na elimu, tulikuwa na chumba chenye kufuli, na hatukuwa na njaa ya siku ile.

Nasi wa Bujumbura tuna sababu nyingine ya kulifikiri jambo hili. Ntahangwa huingia ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na mlango wake wa pekee wa kutokea ni mto Lukuga, upande wa Kongo; maji yaingiayo humo hukaa mamia ya miaka. Jiji letu hunywa kutoka humo. Mukeke, ndagala na sangala hutoka humo. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003, huko Dar es Salaam. Mtu wa mji huu asemapo "nimetupa kule", hana budi kukumbuka kwamba kule ni katika mtungi wake na katika mtungi wa jirani. Waliotunga methali ya jongoo walimjua jongoo ambaye akioza hurudi kuwa udongo. Jongoo wetu haozi.

Nini kifanyike? Wahenga walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kila shule na iwe na daftari la mashine zake, tangu zinapoingia hadi zinapotoka, na jina la aliyezipokea. Kompyuta za msaada na zijaribiwe kabla ya kupokewa, na mtoaji aulizwe atasaidiaje zitakapokufa. Fundi aitwe kabla ya mwenye mizani. Visivyotengenezeka visivunjwe wala kuchomwa, bali vihifadhiwe mahali pakavu hadi shule kadhaa zipate shehena ya kutosha kupelekwa pamoja kwa wenye zana. Viwanda vya kazi hiyo vimo katika kanda yetu, Nairobi na Bugesera nchini Rwanda, ingawa njia si nyepesi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Ugumu wa njia ni sababu ya kuhifadhi vizuri. Si ruhusa ya kutupa.

Zile kumi na mbili hazitarudi. Tatu zilizosalia nazo zimekwisha kufa, na safari hii kikao cha walimu hakikuziuza. Zimeandikwa daftarini, zimefungiwa stoo, na madawati yamebanwa ukutani kuzipisha. Chumba ni kidogo, na kila muhula yuko anayelalamika. Nasi tungali tunamwia mwanafunzi wetu wa zamani jibu ambalo siku ile tulishindwa kumpa: si zetu tena, mwanangu, lakini tungali tunadaiwa.