Walioingiza Wanyama Nyumbani

Somo: Kutoka 9:18–26



Mapigo ya Misri tumeyahubiri hapa mara nyingi, lakini kawaida yetu ni kukimbilia damu ya mwana-kondoo na Bahari ya Shamu. Leo tusimame kidogo kwenye mvua ya mawe. Angalia vile Mungu anatoa tangazo siku moja kabla. Anamwambia Farao kwamba kesho, saa kama hii, mvua ya mawe itanyesha, kwa hiyo atume watu waingize mifugo iliyo shambani. Huyu ni adui! Na bado Mungu anafikiria ng'ombe wa adui, kesho watajificha wapi.

Sasa twende mstari wa 20. Kulikuwa na watumishi wa Farao, Wamisri kabisa, si Waisraeli, walioliogopa neno la Bwana. Walifanya nini? Hatusomi kwamba walikesha wala kwamba walifunga. Walikimbiza watumwa na wanyama wao ndani. Imani yao ilionekana hapo, kwenye zizi. Wengine walisikia tangazo lile lile wakaona ni maneno tu, na waliobaki shambani wakapigwa, watu kwa wanyama.

Niseme ukweli, andiko hili limenihukumu mimi kwanza. Mnakumbuka mvua ya Aprili 2024, ile ya mafuriko ya Mathare na Mai Mahiu, hata shule zikachelewa kufunguliwa. Walio kando ya mito walikuwa wameambiwa wahame. Mimi nilikuwa kando ya mto. Jioni nikabeba magodoro, nikabeba televisheni, nikabeba hata mtungi wa gesi, tukaenda kulala kwa shemeji upande wa juu. Saa tisa usiku mtoto wangu akaniamsha: "Baba, Simba ulimfungua?"

Sikuwa nimemfungua. Mbwa aliyetulinda miaka sita nilimwacha na mnyororo wake karibu na lango. Nikamjibu mtoto, "Mungu atamlinda." Wapendwa, huo ulikuwa uongo niliouvika jina la Mungu. Mungu alikuwa ameshanipa mikono miwili na jioni nzima. Maji yalipopungua tulimkuta palepale, mnyororo umevutwa hadi mwisho wake.

Najua kuna mtu anasema, "Mchungaji, watu walikufa, na wewe unatuhubiria mbwa?" Ni swali la haki. Katika Mathayo 10 Yesu anatuambia kwamba thamani yetu inapita ya mashomoro wengi. Kwa hivyo usirudi ndani ya maji usiku kutafuta mbuzi. Hatutaki kukuzika kwa sababu ya mbuzi. Lakini ni Yesu huyo huyo anayesema hakuna shomoro anayeanguka bila Baba. Tena mimi sikuwa nachagua kati ya mtoto na Simba. Nilikuwa nachagua kati ya Simba na televisheni.

Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi hawezi kupanda mlima, ingawa miguu anayo. Kamba hiyo ni wewe uliifunga. Kuku naye amefungiwa bandani, mlango umepigwa komeo kutoka nje. (Wenye paka msicheke, paka wako umemfungia stoo.) Ukisikia idara ya hali ya hewa imetangaza mvua kubwa, anza mchana: wapeleke kwa jamaa aliye juu, pamoja na chakula chao. Mbwa awe amechanjwa kichaa mapema, kwa maana huko atakutana na watoto wa wenyewe. Na ukikosa nafasi kabisa, kata kamba, fungua banda, uondoke.

Sasa tuna mbwa mwingine. Siku tuliyomleta, mtoto wangu aliniomba funguo ya kufuli ya mnyororo ikae kwake. Nimempa.